Siku Nilipomfungia Joki wa Punda

Dubai nilikaa miaka miwili nikilinda mlango. Si mlango wa benki wala wa kasri. Ulikuwa mlango wa chumba kimoja kwenye uwanja wa Meydan, ule wa mbio za farasi ambao jukwaa lake peke yake lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Ndani walikaa wasimamizi wa mbio. Nje nilisimama mimi, ndani ya suti ya kampuni ya ulinzi iliyoshonewa mtu mwenye mabega kunizidi.

Usiku wa mbio, majoki, wale wapanda farasi wa mbio, walipita mbele yangu kwenda kuhojiwa. Watu wazima, wana wake na watoto, lakini wengi wao wananifika kifuani. Wanaingia wamevimba, wanatoka wamesinyaa. Siri ilikuwa runinga iliyokuwamo ndani. Sisi watazamaji mbio tunaziona kwa ubavu, na kwa ubavu kila joki ni malaika. Wale wasimamizi wanaziangalia kutoka mbele, farasi wote wanakujia usoni, na hapo ndipo uongo unapokwisha. Unamwona huyu anaacha njia yake, anamkata mwenzake, mwenzake anavuta hatamu asije akavunjika shingo. Kosa hilo ndilo kupanda kizembe. Si lazima uwe umekusudia. Ukiwa hukuangalia tu, au umekisia nafasi vibaya ukajipenyeza, umeshaingia. Adhabu yake huhesabiwa kwa siku za kukaa bila kupanda, mbili, nne, saba, kwa kadiri ya ubaya wenyewe. Na farasi anaweza kushushwa, akawekwa nyuma ya yule aliyemzibia njia.

Elimu hii yote niliipata kupitia ufa wa mlango. Niliporudi Lamu niliisimulia kama mtu aliyekuwa amekalia kiti cha katikati.

Barazani kwetu, baada ya magharibi, kahawa ikizunguka, mimi ndiye niliyekuwa redio. Niliwaambia habari za Dubai World Cup, mita 2,000 tu za kukimbia, zawadi dola milioni 12, na enzi zangu hakuna aliyeruhusiwa kucheza kamari. Nikawaambia habari za Christophe Soumillon, aliyeshinda mbio hizo mwaka 2018 na 2019 juu ya farasi mmoja, Thunder Snow. Halafu Septemba 2022, Ufaransa, uwanja wa Saint-Cloud, Soumillon huyo huyo akampiga kiwiko mwenzake, Rossa Ryan, katikati ya mbio, akamtupa chini. Bahati njema hakuumia.

"Na alikuwa joki wa nani huyo?" akauliza ami yangu, mwenye punda watano na maneno machache.

"Wa Aga Khan."

Kikombe kikasimama njiani. "Aga Khan huyu wa mahospitali?"

"Ndiye. Wakamwachisha kazi siku chache baadaye."

"Na wasimamizi?"

"Walimfungia siku sitini."

"Sitini!" akasema ami. "Hiyo si adhabu tena, hiyo ni kafara."

Nikawaeleza kwamba adhabu haikuanza siku ile. Huwa zinaachwa karibu wiki mbili ndipo zianze, na siku mbili baada ya kosa lile Soumillon alipanda mbio kubwa kuliko zote za Ufaransa, akawa wa pili. Hili halikuwaingia kabisa. Mzee mmoja aliniuliza mara tatu kama ni kweli kwamba mtu anahukumiwa leo, anaachwa ale sikukuu, kisha ndiyo anafungiwa. Nikasema ndiyo, ndio ustaarabu. Neno hilo, ustaarabu, nililitamka vibaya sana usiku ule. Nililitamka kwa sauti ya mtu mwenye suti.

Basi vijana wa mtaa walipoamua kufanya mbio zao ndogo za punda, za kujipasha kabla ya Maulidi, hakuna aliyeuliza mwamuzi atakuwa nani.

Kwa asiyeijua Lamu: huku punda ndiye lori. Simiti, mchanga, mawe ya matumbawe, magunia ya unga, vyote huingia mjini mgongoni mwake, kwa vichochoro ambavyo punda wawili wenye shogi hawapishani, mpaka mmoja wao arudi kinyumenyume huku wenyewe wakitukanana. Wana hospitali yao ya peke yao. Na siku za mbio, mvulana hupanda bila tandiko wala vikuku, amekaa nyuma kabisa karibu na mkia, miguu inaning'inia, mkononi ana kamba tu. Usukani hana. Punda anakwenda anakotaka yeye, na joki anafuata kwa kuwa ameshakaa juu yake.

Mimi nikaja na sheria.

Kwanza, kupimwa uzani. Dubai joki hupimwa kabla ya mbio na baada yake, asije akamchezea mtu. Mizani pekee niliyoipata ni ya duka la nafaka, ile ya kupimia magunia. Vijana kumi na mmoja wakapanga foleni baina ya mchele na kunde, mwenye duka akinung'unika kwamba wanamharibia jina. Mmoja alikutwa na mahamri manne mfukoni. Nikaamuru yatolewe. Akayala hapo hapo mbele yangu, akarudi juu ya mizani, akasoma kilo zile zile. Sikuwa na sheria ya kumjibu.

Pili, kila mmoja ashike njia yake moja kwa moja. Nilichora mistari kwa chokaa. Wakaniangalia kwa huruma.

Tatu, na hii ndiyo iliyonimaliza, mwamuzi awe juu ya mnyama. Nilikuwa nimewaona Meydan watu waliopanda farasi watulivu wakiwasindikiza wale wa mbio, wamenyooka kama minara, na siku zote nilitamani kuwa mmoja wao. Nikamwomba ami anipe Halua, jike wake mweupe, mpole, anayejua njia ya kwenda kisimani na kurudi bila mtu.

Ami akamtazama Halua, akanitazama mimi. "Halua yeo hayuko sawa."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi yuko sawa, ami."

Ami hakusema neno la pili. Nimeshasema, maneno yake ni machache.

Niliona mwenyewe kwamba Halua ana jambo. Alikuwa akitafuna hewa. Anafungua mdomo, anafunga, anafungua, anafunga, meno yanagongana ta-ta-ta, na mdomoni hamna kitu. Masikio ameyalaza nyuma. Nikadhani ana njaa. Nikampa ganda la tikiti, akaliacha lianguke, akaendelea kutafuna hewa huku akiangalia mbali, kama mtu anayesubiri boti.

Mbio zilikuwa za kutoka njia ya Shela hadi karibu na gati. Zawadi ilitangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti wa mtaa, kwa ruhusa: shilingi elfu mbili, na kilo mbili za halua. Nikavaa kanzu nyeupe, kofia ya vito, miwani ya jua ya Dubai, nikapanda, nikasimama mwisho wa njia, pembeni kidogo ya mstari, mgongo kwenye ukuta wa bahari. Maji yalikuwa yamekupwa. Chini ya ukuta ni matope matupu, jahazi moja imelalia ubavu, kaa wanatembea.

Wakaja. Mbele yuko Kusi, dume jeusi la mpwa wangu, nyuma yake Simiti, kisha wengine, vumbi, makelele, akina mama juu ya madari wanapiga vigelegele. Na ukweli nitausema: walikuwa wameshika mistari. Moyo ulinijaa. Nilifikiria kuandikia watu wa Dubai.

Zikiwa zimebaki hatua arubaini hivi, upepo ukageuka.

Kusi aliinua kichwa. Akakunja mdomo wa juu hadi ufizi ukaonekana wote, kama mtu anayecheka picha. Kisha akalia, ule mlio unaoanza na kwikwi na kwisha na mlango mbovu, akaacha mstari wake na kuja kwangu. Si kwangu, kwa Halua. Simiti akamfuata. Wa tatu akamgonga Simiti, wa nne akampanda wa tatu. Mpwa wangu alikuwa amelala chali mgongoni mwa Kusi, anavuta kamba kwa mikono yote miwili na meno. Mimi nikapiga filimbi. Naapa, nilipiga filimbi, nikanyoosha mkono kuonyesha kosa.

Halua aligeuka kuwapa mgongo. Kwa kuwa mgongo wake ulikuwa na mimi juu yake, nami niligeuka. Kifua cha Kusi kikanipata begani, na ustaarabu wote ukaruka ukuta.

Matope ya Lamu maji yakikupwa ni laini, hilo nashukuru. Niliingia kwa kiti, nikafuatwa na vijana watatu, kisha kofia, kisha miwani. Yaliyoendelea juu ya ukuta siyaandiki, kuna watoto wanasoma.

Mshindi alikuwa mtoto wa miaka tisa juu ya jike mzee wa kubebea mchanga, jike pekee katika mbio zile, ambaye alipita pembeni ya ghasia bila hata kugeuza sikio, akavuka mstari, akaendelea mpaka nyumbani kwao.

Mtu mwenye akili angeomba maji aoge. Mimi niliitisha kikao.

Dukani, juu ya gunia la mchele, kanzu ikichuruzika, niliwapima tena majoki walioanguka. Wote walikuwa wameongezeka kilo mbili mbili za matope. Kisha nikamwita mpwa wangu mbele, nikamsomea: ameacha njia yake, amewazibia wenzake, amemgonga mwamuzi.

"Nilimvuta, mjomba," akasema. "Lakini alikuwa ameshaona."

"Joki ndiye anayeongoza mnyama."

"Huyu haongozwi, mjomba. Huyu anaombwa."

Nikamfungia siku saba kwa kupanda kizembe, kuanzia baada ya siku kumi na nne. Yaani ilikuwa imkate katikati ya Maulidi, siku ya mbio kubwa. Kijana akainama. Machozi yakaanza kuchora njia kwenye matope ya mashavu.

Hapo ndipo alipoingia nyanya yake, mama yangu mzazi, buibui limekaa upande, ndara mkononi. Mtu alikuwa ameshampelekea habari.

"Weye umemfungia mjukuu wangu kwa kosa gani?"

Nikamweleza. Nikamweleza mpaka habari za runinga, kwamba ukweli uko kwenye picha ya mbele, si ya ubavu. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Picha ya mbele," akasema. "Na hapa hakuna aliyepiga?"

Yule kijana wa mahamri akainua mkono. Alikuwa ameanguka mapema, kwa hiyo alikatiza vichochoroni kwa miguu hadi kwenye mstari akapata kusimama na simu, akiwapiga picha wenzake wakija.

"Njoo nayo hapa," akasema mama.

Vichwa ishirini vikainamia simu moja yenye kioo kilichopasuka. Walionekana vizuri sana, kila punda kwenye mstari wake, Kusi amenyooka kuliko farasi wa Meydan. Kisha, kona ya picha, mtu mwenye kanzu nyeupe juu ya punda mweupe, ameingia ndani ya mstari hatua mbili nzima. Mimi nilikuwa na hakika niko pembeni. Na chini yangu, Halua: mdomo wazi, mdomo kufunga, mdomo wazi. Mkia ameuweka upande.

"Rudisha nyuma," akasema mama. "Pole pole."

Kijana akarudisha, pole pole. Ta. Ta. Ta.

Mwenye duka ndiye aliyeanza. Alijaribu kukigeuza kiwe kikohozi, akashindwa, akashikilia mizani. Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Si mlitangaza kwa kipaza sauti kwamba mshindi atapewa halua? Punda walisikia!" Basi duka zima likaenda. Hata mpwa wangu, machozi hayajakauka.

Mama hakucheka. "Aliyemleta jike mwenye hali hiyo mbele ya madume, mwenye mato mawili, ni nani?"

Nikamtazama ami.

"Nilimwambia," akasema ami.

"Ulisema hayuko sawa tu!"

"Ungeuliza."

Sheria ilikuwa yangu mwenyewe, hukuangalia, umeshafanya. Walinihukumu bila kutoka nje kushauriana. Mpwa wangu akaachiliwa, mimi nikapewa siku saba zake, si za kukaa, bali za kumswaga Kusi na mchanga wa mtu anayejenga, asubuhi hadi adhuhuri, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ametegua kidole cha gumba akivuta kamba.

Nikaomba zianze baada ya siku kumi na nne, kama ilivyo desturi ya mbio.

"Za huku huanza alfajiri," akasema ami, maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa siku moja.

Kusi na mimi tulizoeana. Siku ya tano alishaacha kuniuma. Kila tukipita mbele ya boma la ami alisimama, akakunja mdomo, akanusa, nami nikamngoja amalize, kwa kuwa huyo anaombwa.

Mwaka uliofuata, kama ilivyo mimba ya punda, Halua alizaa dume, jeusi, masikio ya Kusi mtupu. Ami akanituma nikaulize watoto wampe jina gani, nikakuta wameshampa. Wamemwita Dubai. Ameanza kubeba mizigo midogo sasa, na kila nikiwa usitani, njiani mtaani, nasikia nyuma yangu, "Simile! Simile! Dubai, toka njiani!" Siyui ni yupi kati yetu anayeambiwa, kwa hiyo natoka.