Uraia tulifundishwa kwenye foleni ya bumu
Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema kozi ya DS (Development Studies, yaani masomo ya maendeleo) ndiyo inayomjenga mwanafunzi wa chuo kuwa raia anayejua haki zake. Mimi DS nilipata B na sikumbuki hata mada tatu. Ninachokumbuka ni foleni ya kusaini bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu chuoni: mwenye jamaa wa kumshikia nafasi anasaini saa mbili asubuhi, asiye naye anaambiwa njoo kesho. CR wetu, yaani mwakilishi wa darasa, "alichaguliwa" kwa mhadhiri kumnyooshea kidole, na maksi zako zikipotea unaomba samahani kwanza ndipo uulize. Baada ya miaka mitatu ya hayo, mtu anashangaa msomi akifika ofisi ya kata anaongea kama anaomba sadaka! Wala si jambo la leo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine vya Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Wengi walipokelewa tena baadaye, sawa, lakini somo lile halikuwa kwenye silabasi na waliofuata walilielewa vizuri sana. Mliosoma vyuo vya Mzumbe, SUA (Sokoine) au Nairobi, CR wenu alipatikanaje?