Tusikeshe Wote Usiku wa Juni 30

Jana alasiri tuliletewa orodha ya zamu za kufunga mwaka wa fedha, nayo imepangwa kama kadi za mwaliko wa harusi: sisi sote saba wa kitengo cha kompyuta tumetajwa, kuanzia saa kumi na mbili jioni ya Juni 30 "hadi kazi itakapokwisha". Safu ya Julai 1 ni tupu. Bila shaka wanachama watakapopanga foleni asubuhi, mitambo itasimamiwa na malaika.

Naandika kwa uchungu kwa sababu ya yaliyotupata mwaka jana. Katika chama cha akiba na mikopo ninachofanyia kazi hapa Kampala tulikesha wote, mkuu wetu akaleta pilau na soda, saa sita ya usiku ikapita salama, tukapiga picha, na kufikia alfajiri kila mtu alikuwa amekwisha kupanda bodaboda kurudi kwake. Saa mbili na nusu keshia akagundua kwamba riba ya mikopo inakokotolewa kwa tarehe za mwaka uliofungwa. Kijana anayeijua hifadhidata yetu alikuwa amelala Mukono, simu yake imezimwa, nami simlaumu, kwani alikuwa amekaa macho kwa saa 22. Aliporudishwa kazini, alama za mkeka zikiwa bado shavuni, alirejesha nakala ya juzi badala ya ile ya usiku uleule, na kwa siku tatu tukawa tunaingiza malipo upya, stakabadhi moja baada ya nyingine.

Hitilafu ya tarehe hailipuki kama fataki saa sita ya usiku. Hukaa kimya mpaka mtu aiguse. Januari 1, 2000, siku iliyohofiwa kwa kuwa programu nyingi ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, iliangukia Jumamosi, kwa hiyo ofisi nyingi zilikuja kuijaribu mifumo yao kwa dhati Jumatatu ya Januari 3, na hata hapo wataalamu hawakupumua, kwa sababu ilibaki Februari 29, siku ambayo programu zilizoandikwa kwa haraka hazikujua kwamba mwaka ule unayo. Anayepanga zamu kwa kuutazama usiku mmoja tu analinda mlango ambao mwizi hapitii.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba usiku hauwezi kuachwa bila mtu, maana nakala za akiba zinahitaji jicho na umeme wetu hauna adabu; lakini wawili wanatosha, mmoja wa mifumo na mmoja wa jenereta. Watatu walale kwao na wafike saa moja asubuhi wakiwa na akili timamu, na wawili waliobaki wapokee zamu saa nane mchana. Mhasibu atanung'unikia posho. Na ahesabu kwanza zile siku tatu.

Tena kuna Januari 19, 2038, ambapo kompyuta zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri na moja, zitaishiwa na nafasi. Kwa saa zetu itakuwa Jumanne, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, wakati uleule ambao waliokesha wanasinzia na wa asubuhi bado wako kwenye msongamano wa magari.

Leo nimelikata jina langu kwenye safu ya usiku na kuliandika kwa wino mwekundu katika ile safu tupu, Julai 1, saa moja asubuhi. Pilau wanihifadhie.