Posho ya maharaja: bei iliyoiunganisha India

Mtawala wa Katodia, himaya ndogo ya Gujarat, alikuwa akilipwa na serikali ya India rupia 192 kwa mwaka. Rupia 16 kwa mwezi. Maharaja wa Mysore alipata milioni 2.6. Malipo hayo yaliwekwa ndani ya katiba, bila kukatwa kodi, kwa watawala waliokabidhi himaya zao baada ya Waingereza kuondoka mwaka 1947. Himaya zilikuwa zaidi ya 560.

Sardar Vallabhbhai Patel, naibu waziri mkuu aliyeisimamia kazi ya kuziunganisha himaya hizo na India pamoja na katibu wake V. P. Menon, anaitwa Mtu wa Chuma, na sanamu yake ya mita 182 imesimama kando ya mto Narmada. Chuma hicho ndicho kinachonikera. Kinamfanya Patel aonekane mbabe, na posho ionekane aibu ya kufichwa, ilhali posho ndiyo iliyobeba mzigo.

Wanaoipinga wana hoja, wala si ndogo. Nchi imetoka kugawanywa kuwa India na Pakistan, wakimbizi wamejaa kambini, halafu mkulima anakamuliwa ili alishwe mtu ambaye ukoo wake umemnyonya vizazi na vizazi. Maharaja nao walikuwa na lao. Julai 1947 Patel aliwaambia watakabidhi mambo matatu tu: ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano. Desemba hiyohiyo alikuwa mjini Cuttack, akiwataka watawala wa Orissa wasaini himaya zao zimezwe kabisa. Waliositasita walikumbushwa kwamba raia wao wangeweza kuwatimua. Kuuita huo uamuzi wa hiari ni kuchezea maneno.

Lakini tupige hesabu. Posho zote mwanzoni zilikuwa kama rupia milioni 58 kwa mwaka. Sensa ya 1951 ilihesabu watu milioni 361. Yaani Wahindi sita walichanga rupia moja, kwa mwaka mzima. (Najua neno posho halina sifa njema kwetu, wengi wangefurahi kama za waheshimiwa wetu zingegharimu hivyo.) Kwa rupia hiyo Delhi ilipata maeneo makubwa mno, pamoja na reli, hazina na majeshi ya himaya. Tena mzigo ulipangwa upungue: mtawala akifa, mrithi kwa kawaida alipewa kidogo kuliko baba yake. Nimeigeuza hesabu hii kila upande na bado sioni Delhi ilipopunjwa. Patel mwenyewe aliliambia Bunge la Katiba mwaka 1949 kwamba ni bei ndogo kwa mapinduzi yasiyo na damu.

Damu ilimwagika Hyderabad. Nizamu, mtawala wa himaya hiyo, hakutaka posho, alitaka nchi yake, na hapa nakiri hoja yangu inachechemea: si kila mtawala alikuwa na bei. Wanamgambo wake, Razakar, walikuwa wakiwatesa Wahindu. Septemba 13, 1948 jeshi la India likaingia. Siku ya tano Nizamu akasalimu amri. Yaliyofuata ni mauaji ya Waislamu, na ujumbe uliotumwa na Delhi yenyewe, ukiongozwa na Pandit Sunderlal, ulikadiria waliouawa kuwa kati ya 27,000 na 40,000. Ripoti ikafungiwa kwa miongo. Na baada ya yote hayo Nizamu alilipwa posho vilevile, akabaki mkuu wa jimbo hadi 1956.

Uganda ilikwenda njia ya chuma moja kwa moja. Mei 1966 jeshi la Obote lilivamia jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na mwaka 1993 zikaanza kurudishwa.

India yenyewe ilivunja ahadi mwaka 1971. Mahakama ya Juu ya nchi ilikuwa imemzuia waziri mkuu Indira Gandhi mwaka mmoja kabla, kwa hiyo akabadilisha katiba na kuifuta posho. Sipendi serikali inayosaini kisha inachana, hata kama aliyesainiwa ni maharaja. Ila hakuna himaya iliyonyanyua silaha. Nawabu (mtawala) wa Pataudi, aliyepata kuwa nahodha wa timu ya kriketi ya India, aligombea ubunge mwaka huohuo akiitetea posho. Wapiga kura walimkataa.