Mwambie daktari wa meno unaogopa, kabla hujafungua mdomo

Wapo watu wazima, wanaolea familia na kusimamia kazi nzito, wanaoishi na jino bovu mwaka baada ya mwaka kwa sababu hawawezi kujipeleka kwenye kile kiti. Hutafuna upande mmoja. Wakicheka huziba mdomo kwa kiganja. Dawa za kutuliza maumivu wanazijua kwa rangi. Waulize kwa nini hawaendi, utaambiwa nafasi haijapatikana, au kwamba jino lenyewe siku hizi limetulia. Ni nadra mtu akuambie waziwazi kwamba anaogopa. Mimi naogopa. Kwenda naenda, lakini viganja hunitoka jasho hata siku ya kusafishwa tu.

Woga huu hauondoki kwa kujikaza. Hupungua pale unapousema mbele ya yule atakayeshika vyombo, kabla hajavishika, mkakubaliana jinsi ya kwenda nao. Kujikaza ndio ushauri tunaopeana sana, na ndio unaotuponza. Anayejikaza hukaa kitini amekunja ngumi na kukakamaza shingo, anayavizia maumivu, na mwili unaoyavizia maumivu huyasikia hata yakiwa madogo. Akitoka pale amevuka, sikatai, ila alichojifunza ni kwamba mle ndani kuna vita. Safari ijayo atahitaji kujikaza zaidi, na ikifika siku nguvu hizo hana, haendi.

Pacha wa "jikaze" ni "haiumi". Huu tunawapa hasa watoto. Mtoto anaambiwa haiumi, sindano inaingia, inauma, naye anageuza macho kumtafuta aliyemwambia. Kuanzia hapo hata tukimwambia ukweli hatatuamini. Kwa nini tusiseme tu kwamba utachomwa, patauma kidogo, kisha pataingia ganzi? Mtoto hulistahimili jambo aliloambiwa litakuja na litakwisha.

Tunachokiogopa hasa ni nini? Maumivu ni sehemu tu. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, Norman Corah, alitunga maswali manne ya kupima woga wa daktari wa meno. La kwanza linauliza ungejisikiaje kama miadi yako ni kesho. La pili, umekaa unasubiri kuitwa. La tatu, uko kitini na daktari anaandaa mashine ya kuchonga jino. La nne, anatoa vyombo vya kukwangua ukoga. Mwaka 1995 wenzake wa Uingereza waliyarekebisha wakaongeza la tano, la kungoja sindano ya ganzi, na kila jibu likapewa alama 1 hadi 5. Mwenye jumla ya 19 kwenda juu huhesabiwa kuwa na woga mkubwa. Yasome tena maswali hayo. Hakuna hata moja linalohusu chombo kikiwa tayari ndani ya jino. Yote ni ya kungoja.

Ukiongeza na ule mkao, ndipo mambo yanapoeleweka. Umelazwa chali, taa iko usoni, mdomo wazi, huwezi kusema, huoni mikono inafanya nini, na mlio wa mashine hauji kwa masikio peke yake, unapita kwenye mfupa wa taya na kuvuma ndani ya kichwa. Mtu yeyote aliyewekwa hivyo bila kujua kinachofuata ana haki ya kushtuka. Halafu kuna aibu. Niliwahi kukalia kiti cha daktari mmoja ambaye hata kabla sijajilaza vizuri alitazama mdomo wangu, akaguna, akauliza: "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Sentensi hiyo imefukuza wagonjwa kuliko sindano, naamini kabisa. Anayeulizwa hivyo hujibu kimoyomoyo kwamba alikuwa anamkimbia daktari huyohuyo, na kesho yake anaendelea kukimbia.

Tuwe waadilifu lakini: babu zetu walikuwa na sababu nzuri ya kuogopa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1578 Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza aliteswa na jino usiku na mchana, wala hakuna aliyeweza kumshawishi akubali ling'olewe. Askofu wa London, John Aylmer, mzee ambaye meno yake yenyewe yalikuwa yamebaki machache, akajitolea kung'olewa lake moja mbele ya malkia ili aone kwamba mtu hafi. Malkia akakubali. Wakati ule ganzi haikuwapo kabisa. Ilibidi kungoja hadi Desemba 1844, pale Horace Wells, daktari wa meno wa mji wa Hartford, Marekani, alipohudhuria maonyesho ya gesi ya kuchekesha na kumwona mtu akijiumiza mguu bila kuhisi chochote. Kesho yake Wells mwenyewe alivuta gesi hiyo akang'olewa jino. Mwaka uliofuata alikwenda kuonyesha ugunduzi wake Boston, mgonjwa akapiga kelele, watazamaji wakamzomea. William Morton, naye daktari wa meno, ndiye aliyewashawishi madaktari wa Boston mwaka 1846 kwa kutumia etha, dawa nyingine ya kuvuta inayomlaza mgonjwa. Kwa hiyo watu hawa tunaowakimbia ndio waliowaletea wapasuaji usingizi. Lidokaini, ganzi inayotumika sana mpaka leo, ilitengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943. Na mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaja mashine za kuchonga zinazozungushwa na upepo, mizunguko zaidi ya 300,000 kwa dakika. Zilituondolea ule mtikisiko wa mashine za zamani zilizokwenda polepole, zikatuachia ule mlio mwembamba. Mimi ningechagua mtikisiko, lakini sikuulizwa.

Ganzi ipo, na kwa jino lisilo na uvimbe hufanya kazi vizuri sana. Kwa jino lililovimba ndipo inaposhindwa, na hapa ndipo woga unapomgeuka mwenyewe. Gamba la nje la jino, ambalo ni gumu kuliko mfupa, halina mishipa ya fahamu. Tundu linaanza na kukua pale bila kukupa habari. Likizibwa wakati huo, ni kazi ndogo, mara nyingine hata sindano haihitajiki. Likiachwa, linaingia kwenye tabaka la pili na maji baridi yanaanza kukuchoma. Likiachwa tena linafika kwenye kiini chenye neva na damu, na hapo unapata yale maumivu ya usiku ambayo ukilala yanazidi na ukikaa yanapungua. Nyama iliyovimba huwa na asidi nyingi, na asidi huizuia ganzi kupenya kwenye mishipa ya fahamu. Yaani aliyeahirisha kwa kuogopa maumivu huishia kwenda siku ambayo ganzi ina nguvu ndogo kuliko siku zote. Daktari atalazimika kuongeza dawa au kuchoma mahali pengine, na mgonjwa atarudi nyumbani na ushahidi kwamba alisema kweli, inauma. Ushahidi huo atausambaza. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, lakini kwenye jino methali hiyo hugeuka juu chini.

Ubaya mwingine ni siku maumivu yanapokoma yenyewe. Watu hushangilia. Mara nyingi maana yake ni kwamba kiini kimekufa, na usaha unajikusanya taratibu kwenye ncha ya mzizi.

Basi tufanye nini sisi waoga? Nitaeleza kilichonifaa, kwa daktari mwingine, si yule wa kuguna. Nilipoketi nilisema: "Daktari, mimi naogopa, tena sana." Aliweka chini kile kioo chake, akasogeza kigoda mbele yangu huku kiti changu kikiwa bado wima, tukawa tunatazamana usawa. Akaniuliza, "Unaogopa nini hasa? Sindano, mlio, au mimi?" Nikacheka bila kutaka. Nikamwambia sindano. Akasema, "Sawa. Ukiinua mkono wa kushoto, chochote ninachofanya nasimama." Wa kushoto kwa sababu yeye anakaa upande wa kulia na ule wa kulia ungemgonga. Alipoanza kuangalia, kabla hata ya sindano, niliinua mkono bila sababu yoyote. Akatoa vyombo mdomoni, akangoja. Hakuuliza kuna nini. Nafikiri hapo ndipo mabega yangu yaliposhuka. Ishara ambayo hujaijaribu ni ahadi tu. Ijaribu mapema, wakati hakuna kinachouma.

Sindano yenyewe ina mambo ambayo ukiyajua mapema hayakuogofyi. Kuna dawa ya kupakwa kwenye fizi kwanza, nayo inahitaji dakika moja au mbili ifanye kazi. Daktari mwenye haraka hupaka na kuchoma papo hapo, kwa hiyo usione haya kumwomba angoje. Sehemu kubwa ya maumivu hutokana na dawa kusukumwa kwa kasi kwenye nyama isiyo na nafasi, ndiyo maana sindano ya polepole huuma kidogo kuliko ya haraka. Ya kwenye kaakaa ndiyo kali kuliko zote kwa kuwa nyama ya pale imeshikana na mfupa. Na baada ya sindano, moyo unaweza kuanza kwenda mbio. Wengi hudhani wanazidiwa na woga, ndipo wanazidiwa kweli. Aghalabu ni adrenalini, kemikali inayouharakisha moyo, iliyochanganywa na ganzi ili isiyeyuke mapema. Mbio hizo hupoa baada ya dakika chache. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu aseme kabla.

Kingine ambacho hawatuambii: ganzi huua maumivu, haiui kusukumwa. Ukienda kung'oa gego utahisi taya linasukumwa kwa nguvu, utasikia kitu kinalia krak karibu na sikio, na akili itakwambia unaumia. Jiulize hapohapo, ni uchungu au ni msukumo? Kama ni uchungu, mkono juu. Kama ni msukumo, kazi inakwenda vizuri.

Kuhusu kupumua, watu wote huambiwa walegeze mwili na kuvuta pumzi. Kwa wengi ni sawa, hasa ukiitoa pumzi polepole kuliko ulivyoiingiza. Lakini wapo wanaozimia wakiona sindano au damu. Hawa shinikizo lao la damu huporomoka ghafla, na kulegea kunawamaliza. Wao wafanye kinyume: wakaze misuli ya miguu na tumbo kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, mpaka uso upate joto, waachie, warudie. Si kujikaza kule nilikokusema mwanzo. Huku ni kupandisha damu irudi kichwani.

Mengine ni madogo. Omba miadi ya asubuhi, usishinde kutwa unaitafuna hofu. Ziara ya kwanza iwe ya kutazamwa tu, bila kuguswa na mashine. Muziki masikioni husaidia, mradi umsikie daktari akikuita. Na kwa ambaye woga umefika kiwango cha ugonjwa, ipo ile gesi ya kuchekesha, zipo dawa za kutuliza, na yapo matibabu ya kisaikolojia ambapo mtu husogezwa hatua kwa hatua kuelekea kile anachokiogopa. Dawa za kutuliza zinakuvusha siku hiyo. Hazikufundishi kitu, na nyingi zinataka mtu wa kukusindikiza nyumbani. Hata hivyo, ni bora jino litibiwe ukiwa umesinzia kuliko lioze ukiwa macho. Sioni aibu yoyote hapo.

Wazazi nao waache kumtumia daktari wa meno kama zimwi. "Usipopiga mswaki nitakupeleka ukang'olewe!" Halafu siku jino likiuma unashangaa mtoto anajificha chini ya kitanda. Mpeleke akiwa hana maumivu yoyote, apandishwe kiti na kushushwa, ashike kile kioo, ahesabiwe meno, arudi nyumbani. Madaktari wa watoto wana utaratibu wao wa kueleza, kuonyesha, ndipo kufanya. Yule askofu mzee aliufikia bila kusomea, ingawa sisemi wazazi wang'olewe meno.

Na je, ukimwambia daktari unaogopa akakucheka? Akisema "mtu mzima wewe", inuka. Jino bado ni lako na miguu ni yako. Ukitafuta mwingine, usiwaulize wale wanaojisifu kwamba waling'olewa bila ganzi wakaenda zao kazini. Hao popote wataridhika. Waulize waoga wenzako wanatibiwa wapi. Mwoga aliyerudi kwa daktari yuleyule mara ya pili kwa hiari yake anajua kitu unachokihitaji, na kwa kawaida atakupa namba ya simu kabla hujamaliza kuuliza.