Kutenga si shida, shida ni kulinda

Mwandishi ninayemjibu hapa anashauri mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, upanuke kuelekea kaskazini, na kila kata mpya itenge viwanja vya shule, soko na barabara. Sawa, ila kaskazini gani? Kusini ni ziwa, mashariki ni Rwanda, na huko juu ni volkano ya Nyiragongo. Mei 2021 lava ilishuka ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu wamerudi kujenga palepale, na siwacheki: ile ya 2002 ilipita katikati ya mji nasi tukajenga juu yake.

Kwenye avenyu yetu kulikuwa na kiwanja kilichotengwa kwa shule. Kwanza ikaja meza ya makala (makaa) ya kupikia, kisha mabati manne, kisha ukuta wa mawe ya volkano. Na mwenye ukuta ana karatasi yenye muhuri! Sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, sasa huyu aliuziwa na nani? Kwa ukuta huo gari la maji halipiti tena, ni chukudu tu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Viongozi waanze kwa kubandika ramani kwenye ofisi ya kata, tuone kilichotengwa kiko wapi.