Wapeni Maikrofoni Wasiojibiwa Bado

Kuna mahubiri yaliyoshika sana makanisani mwetu hapa Mombasa, kuanzia Kisauni hadi Changamwe: chagua furaha. Mhubiri anasimama, shati limenyooshwa vizuri, anawaambia watu walioshindwa na kodi ya nyumba kwamba huzuni ni uamuzi wao wenyewe, na kwamba mwenye imani hakiri mabaya. Watu wanaitikia amina. Wengine wanaitikia huku wamekunja uso, na mimi huwa nawaangalia hao zaidi.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya. Naamini kabisa Mkristo anaweza kuchagua furaha wakati wa dhiki, kwa sababu nimeona watu wakiichagua. Kinachonikera ni jinsi tunavyoinadi, kana kwamba kufurahi ni kukataa kuona kilichotokea.

Chukua mstari wenyewe unaopendwa, Wafilipi sura ya 4: "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Tunausoma kama kwamba Paulo aliuandika akipunga upepo Nyali. Alikuwa kifungoni. Na katika barua hiyohiyo, sura mbili kabla, anamtaja Epafrodito, ambaye Wafilipi walimtuma ampelekee msaada, akaugua hata karibu na kufa. Paulo anasema Mungu alimhurumia ndugu yule ili yeye naye asipate "huzuni juu ya huzuni". Basi ya kwanza alikuwa nayo tayari, wala hakuona haya kuiandika. Waliosoma barua ile walimjua vyema, maana ni huko kwao Filipi ambako, kama Matendo 16 inavyosimulia, yeye na Sila walichapwa bakora, wakafungwa miguu kwenye mkatale, na usiku wa manane wakawa wanaomba na kumwimbia Mungu. Waliimba migongo ikiwa ingali na vidonda. Mlinzi wa gereza alikuja kuviosha baadaye.

Sisi tumechukua wimbo, vidonda tukaviacha.

Hapa kwetu wengi walionja dhiki mizigo ilipohamia kwenye treni. SGR, reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, ilianza safari za abiria mwaka 2017, makontena yakafuata, na kadiri yalivyozidi kwenda Nairobi kwa reli ndivyo malori yalivyokosa kazi. Jambo hili huzungumzwa kama hasara ya kampuni za uchukuzi. Ukikaa Changamwe unajua lilimgusa dereva, taniboi, fundi wa tairi na mama wa chai. Watu hawajajikusanya sawasawa, 2020 ikaleta korona. Kuanzia Aprili 8 hakuna kuingia wala kutoka Mombasa, hoteli za ufuoni kimya, na kanisani, ambako mtu angekwenda kulia, hakwendeki.

Katika kwaya yetu yuko mama aliyekuwa akiwauzia madereva mahamri na mbaazi. Malori yalipopungua, biashara ikaanguka. Mazoezi ya kwaya hakuacha. Nikamwuliza, "Mama, unawezaje?" Akanijibu, "Mwanangu, kulia nimeshalia. Nikibaki nyumbani nitalia tena, na deni litakuwa lile lile. Afadhali nije niimbe."

Huko ndiko kuchagua ninakokukubali. Hakusema deni halipo. Aliinuka, akajifunga leso, akaja. Ila kuna jambo la pili ambalo wahubiri hawalisemi: wanakwaya wenzake walianza kuagiza mahamri yake kwa chai ya baada ya ibada, wengine wakachukua na ya nyumbani. Alifurahi kwa imani, na imani ile ilikuwa na wateja. Wafilipi nao hawakumpelekea Paulo salamu za kumtia moyo tu. Walimtuma mtu, na mkononi ana kitu.

Kuna huzuni nyingine ambazo mahamri hayazifikii. Jumapili ya Machi 23, 2014, watu wenye silaha waliingia kanisani Likoni ibada ikiendelea, wakafyatua risasi, wakaua. Mama mmoja alikufa, na mtoto wake mdogo akabaki na risasi kichwani hadi madaktari wa Nairobi walipoitoa. Kanisa lenyewe lilibeba furaha katika jina lake. Nani angethubutu kwenda kwenye matanga yale akawaambia wafiwa huzuni ni uamuzi? Jirani yangu Mwislamu alinipigia simu siku ile kabla ya ndugu zangu wa damu, na maneno yake yalikuwa "poleni sana" basi. Alihubiri vizuri kuliko wengi. Baada ya hapo tukazoea kupekuliwa mlangoni, mikoba ikifunguliwa. Tukaingia, tukaimba, na hakuna aliyejifanya kwamba hapakutokea kitu.

Na yuko yule asiyepata usingizi wala hamu ya kula mwezi baada ya mwezi. Sonona ni ugonjwa. Huyo msimwambie achague chochote. Mpelekeni hospitali, na maombi mkayafanyie kwenye foleni.

Nina pendekezo moja, nalo ni la kipindi cha ushuhuda. Kwetu anayesimama ni yule aliyepata kazi, aliyepona, ambaye mwanawe ameitwa chuo kikuu. Bwana asifiwe, na tuwapigie makofi. Lakini ambaye bado anangoja hana nafasi, labda aje na habari ya ushindi. Nabii Habakuki, sura ya 3, anaanza kwa kuhesabu hasara: mtini haujachanua, mzeituni umekuwa taabu bure, mashamba hayana chakula, zizini hamna kundi. Ndipo anasema, "Walakini nitamfurahia BWANA." Kanisani kwetu angekatizwa kabla hajaifikia hiyo "walakini".

Tuwape maikrofoni wasiojibiwa bado. Waseme mambo yalivyo, kisha, wakiwa na nguvu hiyo, waseme walakini yao. Wakishindwa, tutaisema sisi kwa niaba yao. Mchungaji nimemweleza. Amesema atafikiria, ila iwe dakika tatu kwa kila mtu, maana kuna watu wakishika maikrofoni hawairudishi. Kwa hilo simlaumu.