Bilda au WordPress: mwenye gesti ya vyumba nane auziwe nini?

Kampuni nyingi ndogo za hostingi, yaani zinazokodisha nafasi ya kuweka tovuti kwenye seva, Dar es Salaam na Nairobi humuuzia kila mteja kifurushi kilekile: akaunti ya cPanel (paneli ya kusimamia tovuti na barua pepe), domeni ya .co.tz au .co.ke, na kitufe cha Softaculous kinachosakinisha WordPress, programu ya kuendesha tovuti, kwa dakika moja. Ukiuliza kwa nini mteja asipewe pia programu ya kujenga tovuti kwa kuburuta na kuachia, ile mafundi waiitayo bilda, jibu liko mdomoni tayari: bilda humfunga mteja, ina mipaka, na leseni yake hulipiwa kwa dola wakati WordPress ni ya bure. Kila kipande cha jibu hilo kina ukweli wake. Ila ni jibu linalomtazama fundi, na anayelipia akaunti ni mwenye duka la vipuri, mwenye shule ya chekechea, mwenye gesti ya vyumba nane.

Mteja huyo anataka kurasa nne au tano: huduma, picha, bei, ramani, namba ya simu. Akishazipata anaweza kukaa miaka miwili bila kuzigusa, na hana kosa. Kazi yake ni gesti. WordPress haivumilii kuachwa hivyo. Ni programu inayoendeshwa kila siku: PHP (lugha ya programu inayoendeshwa kwenye seva), hifadhidata, themu (mwonekano wa tovuti), na plagini, yaani viongezeo, kumi au ishirini za waandishi tofauti, zote zikiwa na mamlaka sawa ndani ya akaunti. Ni kweli kwamba tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013 WordPress hujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama, na tangu 5.5 la mwaka 2020 plagini nazo zinaweza kujisasisha. Lakini swichi ya plagini lazima mtu aiwashe. Plagini iliyofungashwa ndani ya themu ya kulipia mara nyingi haipati sasisho bila leseni yake yenyewe. Na ile ambayo mwandishi wake ameitelekeza haina sasisho la kupata.

Fuatilia kinachotokea plagini kama hiyo ikivunjwa, maana hapa ndipo hesabu ya "bure" inapopinduka. Mdukuzi hana haja na gesti. Anapandisha faili dogo la PHP ndani ya wp-content/uploads, kwenye folda ya mwezi fulani katikati ya picha, kisha analitumia kutuma barua taka. Kama kikomo cha barua kwa saa kwa kila domeni hakikuwekwa kwenye WHM (paneli ya msimamizi wa seva), usiku mmoja unatosha kujaza foleni ya Exim, programu ya seva ya kutuma barua, kwa maelfu ya barua. Asubuhi anwani ya IP ya seva imeingia kwenye orodha nyeusi ya watumaji wa barua taka, kama ile ya Spamhaus. Akaunti 200 zilizo kwenye seva hiyo hutuma barua kupitia anwani hiyohiyo moja, kwa hiyo wakili, chuo na kampuni ya forodha, ambao hawajawahi kugusa WordPress, wote barua zao zinaanza kurudi au kutumbukia kwenye folda ya taka. Wanaopiga simu siku hiyo ni hao. Mwenye gesti hajui lolote. Tovuti yake inafunguka kama kawaida.

Kusafisha si kufuta faili moja. Fundi asimamishe akaunti, aisafishe foleni, atafute milango mingine ya nyuma (huwa haupo mmoja), abadilishe nywila za hifadhidata na za wasimamizi, alinganishe mafaili ya msingi na toleo safi, ndipo aombe IP iondolewe kwenye orodha. Akiomba kabla ya kuziba tundu, itarudishwa humo, na safari hii kuitoa ni kugumu zaidi. Hata ikitoka, sifa ya anwani mbele ya Gmail na Outlook hurudi polepole. Tuseme kifurushi ni Sh 90,000 za Tanzania kwa mwaka na tukio limekula siku mbili za fundi mmoja na wa kupokea simu mmoja: kabla hujagusa umeme na seva, malipo ya mwaka mzima ya wateja kadhaa yameshaondoka. Kikomo cha barua kiwekwe, PHP izuiwe isiendeshwe ndani ya uploads, akaunti zitenganishwe kwa CloudLinux, mfumo wa seva unaoweka kila akaunti kwenye uzio wake. Yote hayo yafanywe hata hivyo. Yanapunguza moto, lakini kuni bado zipo.

Bilda inayochapisha kurasa tuli, yaani mafaili yaliyokamilika yasiyohitaji programu ya kuyaendesha kwenye seva, huziondoa kuni zenyewe. SitePad ya watengenezaji walewale wa Softaculous hufanya kazi hivyo: mteja anahariri kwenye kivinjari, akibonyeza kuchapisha, mafaili ya HTML, CSS na picha yanatua kwenye public_html, folda ya tovuti yake. Ukurasa uliokaa miaka miwili bila kuguswa unabaki HTML ileile, bila plagini ya kuvunja wala ukurasa wa kuingilia wa wp-login ambako wadukuzi hubahatisha nywila usiku kucha.

Nafasi nayo inapumua. WordPress tupu ina mafaili zaidi ya 3,000, na picha moja kubwa kutoka kwenye simu, yenye upana wa pikseli 4,000 hivi, hutoa hadi mafaili manane: ile halisi, nakala iliyopunguzwa hadi 2,560, na saizi sita za kawaida kuanzia 150 hadi 2,048. Mwenye gesti akipandisha picha 60 amepata mafaili 480, na themu ikiongeza saizi zake yanapanda tena. Nakala rudufu za kila usiku hupitia yote hayo moja moja.

Bilda zenyewe si jamii moja, na wengi huteleza hapa. Kuna inayochapisha kwenye seva yako, na kuna inayoihifadhi tovuti kwenye seva zake yenyewe, kama Wix na Duda. Kwa kampuni ya hostingi aina ya pili ina mtego wa DNS, mfumo unaoelekeza domeni kwenye seva. Mteja anaambiwa ahamishe nameserver (seva zinazotunza rekodi za domeni) au abadilishe rekodi. Akihamisha nameserver zote bila kunakili rekodi za barua pepe, yaani MX, SPF na DKIM, tovuti inafunguka vizuri na barua pepe inakufa. Salama zaidi ni kuacha nameserver zako, ukaelekeza tu rekodi zinazoonyesha tovuti iko wapi: A ya domeni na CNAME ya www. Sitejet nayo, bilda iliyo chini ya kampuni ya WebPros pamoja na paneli za cPanel na Plesk, inapatikana ndani ya paneli hizo, na hilo limeondoa hoja ya gharama ya ziada kwa kampuni nyingi.

Upande wa pili una hoja nzito mbili. Ya kwanza ni utegemezi. Mwezi Machi 2024 Google ilizima tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia Business Profile, huduma yake ya kuorodhesha biashara, zile zenye anwani ya business.site, na kufikia Juni mwaka huohuo hata kuelekezwa kwa wageni kukakoma. Aliyechapisha anwani hiyo kwenye kadi na kwenye ubao wa duka alibaki na anwani isiyokwenda popote. Bei nazo hubadilika: Septemba 2019 cPanel iliacha kutoza kwa seva ikaanza kutoza kwa idadi ya akaunti, na waliokuwa na mamia ya akaunti za bei ndogo waliumia. Mwenye bilda anaweza kufanya vivyo hivyo kesho. WordPress haina mwenye wa kukuongezea bei, inaendesha zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani, na fundi anayeijua utampata Mwanza, Kisumu au Bujumbura. Kurasa tuli hupunguza hatari hii, kwani mafaili ni yako na leseni ikikatika tovuti inabaki hewani, lakini kuhariri HTML iliyotemwa na bilda kwa mkono ni adhabu.

Ya pili ni malipo. Duka ndani ya bilda kwa kawaida linajua huduma za malipo za Stripe na PayPal, na Stripe haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Tanzania au Kenya. Malipo ya M-Pesa yanayotuma ombi kwenye simu ya mnunuzi yanahitaji programu upande wa seva ya kupokea jibu kwamba pesa imelipwa, na ukurasa tuli hauwezi kupokea jibu hilo. Anayeuza bidhaa mia mbili kwa mtandao apewe WordPress na WooCommerce, plagini yake ya duka, na auziwe pamoja na huduma ya matengenezo ya kila mwezi, si kifurushi cha Sh 90,000 kisicho na mwangalizi. Lakini mwenye gesti anapokea pesa kwa Lipa Namba na anakubaliana na mgeni kwa WhatsApp. Anachohitaji ni kiungo cha wa.me, namba ikianza na 255 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Ikiandikwa 07 hakifunguki.

Kabla ya kusaini, bilda ijaribiwe kwa mikono, na isijaribiwe kwenye kompyuta ya ofisini. Chukua simu ya Android ya bei nafuu na bando la kawaida, tengeneza kurasa tano zenye picha 12 zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera. Ukurasa wa mwanzo ukizidi megabaiti 2, bilda haipunguzi picha ipasavyo, na mgeni wa gesti ndiye atakayelipia kwa bando lake. Weka menyu ya Kiswahili: "Huduma Zetu", "Kuhusu Sisi" na "Wasiliana Nasi" ni ndefu kuliko maneno ya Kiingereza ambayo violezo vingi vimepimiwa, na menyu hukatika mistari miwili. Angalia pia kama lugha ya ukurasa inaweza kuwekwa sw (msimbo wa Kiswahili), la sivyo programu za kuwasomea wasioona zitasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza.

Kisha jaribu fomu ya mawasiliano. Bilda mbovu hutuma ujumbe ikiweka anwani ya mgeni kama mtumaji. Seva yako haina idhini ya kutuma kwa niaba ya gmail.com, kwa hiyo ujumbe unakataliwa au unapotelea kwenye taka, na mwenye gesti anadhani hakuna mgeni aliyeuliza chumba. Mtumaji awe anwani ya domeni ya mteja, na ya mgeni ikae kwenye Reply-To, sehemu ya anwani ya kujibiwa. Mwisho, zima leseni ya majaribio, subiri siku moja, uone kama tovuti bado inafunguka, halafu hamishia public_html kwenye akaunti nyingine. Isipofunguka huko, leseni hiyo isinunuliwe kwa bei yoyote.

Wateja wa WordPress waliopo wasisukumwe. Anayekubali kuhama kwa hiari ahamishwe na viungo vyake, kwa sababu penye /huduma/ bilda inaweza kuweka /huduma.html. Kila anwani ya zamani iandikiwe mstari wa 301, unaompeleka mgeni kwenye anwani mpya, kwenye faili la .htaccess siku ileile ya kuhama, kwani watu walishaitumiana kwenye WhatsApp na wengine wameichapisha kwenye vipeperushi.